Kamera ya mwendo wa polepole kwa bei nafuu: Mwongozo kwa wanamichezo wa Riyadh na Jeddah

Tarehe 27 Septemba mwaka 2000, katika uwanja wa Olimpiki mjini Sydney, Hadi Souan Al-Somayli wa Saudi Arabia alimaliza fainali ya mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.53. Mbele yake alikuwa mtu mmoja tu, Mmarekani Angelo Taylor, aliyetumia sekunde 47.50. Nishani hiyo ya fedha ilikuwa ya kwanza kabisa kwa Saudi Arabia katika historia ya michezo ya Olimpiki.

Mbio hizo si ngeni kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki. Ni mbio zilezile ambazo Mganda John Akii-Bua aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 47.82 mjini Munich mwaka 1972, akawa mwanadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Ni mbio ambazo pia Mkenya Nicholas Bett alitwaa ubingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015, kwa sekunde 47.79.

Tofauti kati ya Taylor na Al-Somayli ilikuwa sehemu tatu kwa mia ya sekunde. Kwa wastani wa kasi yao siku ile, huo ni umbali wa takriban sentimita 25. Kamera ya kawaida ya video hupiga picha 30 kwa sekunde, maana yake kati ya picha moja na nyingine hupita sehemu zaidi ya tatu kwa mia ya sekunde. Kwa maneno mengine, tofauti yote iliyotenganisha dhahabu na fedha ingeweza kupita kati ya picha mbili, na kamera hiyo isione kitu. Na kwa kuwa mbio hizo zina viunzi 10, mkimbiaji anayepoteza sehemu tatu tu kwa elfu ya sekunde katika kila kiunzi hupoteza kiasi hichohicho afikapo mwisho.

Hiyo ndiyo sababu makocha hutafuta kamera za mwendo wa polepole. Zamani vifaa hivyo vilikuwa mali ya maabara na mashirika makubwa ya utangazaji. Leo mwalimu wa michezo mjini Riyadh, au mfanyakazi kutoka Mombasa anayefundisha timu ya mpira ya wenzake mjini Jeddah siku za mapumziko, anaweza kukipata kifaa kama hicho. Swali ni kipi anunue bila kuteketeza mshahara wa miezi miwili kwa kitu ambacho hakitamsaidia.

Kutoka maabara hadi mfukoni

Haja ya kuona kile ambacho jicho haliwezi kukiona ni ya zamani. Mwezi Juni mwaka 1878, huko Palo Alto katika jimbo la California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya farasi aliyekuwa akienda mbio. Picha zake zilimaliza ubishi wa miaka mingi: naam, kuna wakati ambapo kwato zote nne za farasi huwa hazigusi ardhi. Ni kwa sababu ya kuzipanga picha hizo moja baada ya nyingine ndipo ukweli ulipodhihirika.

Kwa zaidi ya karne moja baadaye, teknolojia hiyo ilibaki ghali mno. Mabadiliko yalianza mwaka 2008, pale kampuni ya Casio ya Japani ilipouza kamera iliyoitwa EX-F1 kwa bei ya karibu dola 1,000. Kamera hiyo iliweza kupiga hadi picha 1,200 kwa sekunde. Lakini kila kasi ilipoongezeka, picha ilipungua ukubwa. Kwa kasi ya 300 ilikuwa na nukta 512 kwa 384, na kwa kasi ya 1,200 ikabaki ukanda mwembamba wa nukta 336 kwa 96, ambamo mguu wa mchezaji haukutambulika vizuri. Casio iliacha kutengeneza kamera ndogo mwaka 2018, ingawa za mitumba bado huonekana sokoni.

Hatua iliyofuata ilitoka kwenye simu za mkononi. Mwaka 2014 simu ya iPhone 6 ilikuja na uwezo wa kupiga picha 240 kwa sekunde. Mwaka 2017 iPhone 8 ilifanya hivyo kwa picha zenye ubora kamili wa HD, na simu nyingi za kampuni nyingine zikafuata njia hiyo.

Faida ya video kwa mwanamichezo asiye na fedha nyingi haihitaji ushahidi wa mbali. Mkenya Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za warushaji bingwa kwenye mtandao wa YouTube, wakati ambapo hakuwa na kocha wa mchezo huo. Mwaka 2015 mjini Beijing alirusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akapata nishani ya fedha ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro. Yego alitazama wengine. Kamera ya mwendo wa polepole humpa mchezaji nafasi ya kujitazama yeye mwenyewe.

Swali kwanza, kamera baadaye

Kosa ambalo wanunuzi wengi hulifanya ni kuanza na kifaa. Muuzaji husifu idadi ya nukta za picha, na mnunuzi hulipa. Lakini jambo la kwanza kuamua ni tendo gani linalotakiwa kuonekana, na tendo hilo huchukua muda gani.

Picha moja moja zinazounda video huitwa fremu. Chukua mfano wa mkimbiaji wa mbio fupi. Mguu wake hukaa chini kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde katika kila hatua. Kamera ya fremu 30 kwa sekunde itapata fremu tatu tu za tendo hilo. Kamera ya fremu 60 itapata sita, ya 120 itapata 12, na ya 240 itapata 24. Kwa fremu 12 kocha anaweza kuona mguu ulitua wapi na goti lilikunja kiasi gani. Kwa fremu 24 anaweza kulinganisha mguu wa kulia na wa kushoto na kuona kama mmoja unachelewa kunyanyuka.

Kwa upande mwingine, kocha wa viunzi anayetaka tu kujua mchezaji wake anatumia muda gani kutoka kiunzi kimoja hadi kingine hahitaji kasi kubwa. Muda huo, katika mita 400, hupimwa kwa sekunde nzima na vipande vyake. Kamera ya fremu 60 inamtosha, na huenda tayari anayo mfukoni.

Mpira wa miguu uko mbali zaidi. Mguu na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Hata kamera ya fremu 240 itapata fremu mbili au tatu tu za mguso wenyewe. Lakini je, kocha anahitaji kuona mguso wenyewe? Mara nyingi anahitaji kuona mguu wa kusimamia uliwekwa wapi, nyonga ilielekea upande gani na kiwiliwili kiliegemea vipi kabla ya shuti. Kwa hayo, fremu 120 hadi 240 zinatosha.

Karate inaonyesha mpaka wa kifaa. Katika fainali ya Olimpiki ya Tokyo, tarehe 7 Agosti 2021, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza kwa pointi 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran, alipopiga teke la juu lililomwangusha mpinzani wake na kumfanya apoteze fahamu. Waamuzi waliamua kwamba mguso ulikuwa mkali kupita kanuni, na Hamedi akapata fedha badala ya dhahabu. Video huweza kuonyesha teke lilianzia wapi na lilifika wapi. Haipimi nguvu ya mguso, na hakuna idadi ya fremu itakayoifanya ipime.

Muda wa kufumba na kufumbua

Idadi ya fremu ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni shata, yaani kilango kinachoruhusu mwanga kuifikia sensa ya kamera. Kilango hicho kikikaa wazi muda mrefu wakati mguu unasogea, picha hutoka na ukungu, na fremu nyingi zenye ukungu hazina faida.

Hesabu yake ni nyepesi. Mguu wa mpigaji mpira unaweza kwenda kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Shata ikikaa wazi kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, mguu utakuwa umesafiri sentimita 33 ndani ya fremu moja, na kitakachoonekana ni mchirizi. Kwa sehemu moja ya 250, mchirizi unapungua hadi sentimita nane. Kwa sehemu moja ya 1,000, ni sentimita mbili, na hapo kifundo cha mguu huanza kutambulika.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, mtu aulize kama kamera inamruhusu kupanga kasi ya shata kwa mkono. Simu nyingi haziruhusu hilo katika programu yake ya kawaida, lakini zipo programu nyingine za kamera zinazowezesha jambo hilo. Kamera ya fremu 120 yenye shata inayopangika inaweza kumfaa kocha kuliko ya fremu 240 isiyopangika.

Gharama ya shata ya kasi ni mwanga. Kutoka sehemu moja ya 250 hadi sehemu moja ya 1,000, mwanga unaoingia hupungua mara nne. Mchana wa jua kali wa Riyadh hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba kwa miezi kadhaa ya mwaka hakuna anayefanya mazoezi mchana.

Joto, usiku na taa

Katika majira ya kiangazi joto la Riyadh hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Kampuni ya Apple, kwa mfano, inashauri simu zake zitumike penye joto lisilozidi nyuzi 35. Simu inayorekodi fremu 240 huzalisha joto lake yenyewe, na ikiwekwa juani inaweza kupunguza mwanga wa kioo au kuzima katikati ya mazoezi. Mjini Jeddah, kwenye mwambao wa Bahari ya Shamu, kuna adha nyingine, nayo ni unyevunyevu. Kamera iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi hupata ukungu wa maji kwenye lenzi mara itolewapo nje. Dawa yake ni kuifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuiacha ipate joto la nje taratibu kabla ya kuifungua.

Kwa sababu hiyo ya joto, mazoezi huhamia usiku au ndani ya kumbi. Na hapo ndipo linapojitokeza jambo ambalo maduka hayalisemi.

Umeme wa Saudi Arabia huzunguka mara 60 kwa sekunde, tofauti na majirani zake wa Ghuba na tofauti na Tanzania, Kenya na Uganda, ambako ni mara 50. Taa nyingi za mirija na taa kubwa za viwanjani hupepesa mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 120 kwa sekunde huko Riyadh na Jeddah, na mara 100 kwa sekunde huko Dar es Salaam au Nairobi. Jicho halioni kupepesa huko. Kamera ya mwendo wa polepole huona.

Matokeo yake ni haya. Kamera ya fremu 120 kwa sekunde ndani ya ukumbi wa Jeddah hupiga fremu moja kwa kila pepesi moja ya taa, hivyo mwanga wa video hutulia. Ichukue kamera hiyohiyo, bila kubadilisha chochote, hadi kwenye ukumbi wenye taa za aina hiyo mjini Mombasa. Video itakuwa ikiwaka na kufifia, kwa sababu fremu 120 hazilingani na pepesi 100. Huko inahitajika kamera inayoweza kupiga fremu 100.

Kamera nyingi zina mahali pa kuchagua kati ya mfumo wa 50 na wa 60, wakati mwingine kwa majina ya zamani ya televisheni, PAL na NTSC. Anayenunua kifaa Saudi Arabia akiwa na nia ya kurudi nacho nyumbani ahakikishe kinakubali mifumo yote miwili. Taa za LED zilizotengenezwa vizuri hazina shida hiyo, lakini zile za bei rahisi zinaweza kupepesa pia. Njia ya uhakika ni kwenda na simu kwenye ukumbi wenyewe, kurekodi sekunde chache na kutazama.

Fremu za kweli na fremu za kubuni

Baadhi ya simu hutangazwa kuwa zina uwezo wa fremu 960 kwa sekunde. Hapa pana mambo mawili. Kwanza, hata zile zinazofanya hivyo kweli, kama Samsung Galaxy S9 ya mwaka 2018, hufanya hivyo kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Mchezaji akichelewa kidogo kupiga mpira, kamera imekwisha kufunga.

Pili, simu nyingine hazipigi fremu hizo. Hupiga chache, kisha programu huchora zilizobaki katikati kwa kukisia. Mwaka 2024 Samsung yenyewe iliweka katika Galaxy S24 uwezo wa kugeuza video ya kawaida kuwa ya polepole kwa kutengeneza fremu za ziada. Kwa kupendezesha video ya harusi, hilo halina ubaya. Kwa kocha ni hatari, kwa kuwa pembe ya goti anayoipima inaweza kuwa imechorwa na kompyuta na wala haikutokea uwanjani.

Lipo jaribio ambalo mnunuzi anaweza kulifanya dukani. Aangushe kitu kidogo kizito, kama mpira wa gofu, kutoka kimo cha mita moja hasa, huku kamera ikirekodi. Kuanguka huko huchukua sekunde 0.45, kwa sheria za maumbile ambazo hazibadiliki Riyadh wala Zanzibar. Kisha ahesabu fremu tangu mpira ulipoachwa hadi ulipogusa chini. Kamera ya kweli ya fremu 240 itampa takriban 108. Ya fremu 120 itampa takriban 54. Akikuta fremu mbilimbili zinazofanana kabisa, au mpira wenye kivuli cha pili kama mzuka, ajue kwamba idadi iliyoandikwa kwenye kasha si ile anayouziwa.

Ngazi za bei

Riyali ya Saudi Arabia imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango cha riyali 3.75 tangu mwaka 1986, hivyo ni rahisi kulinganisha bei za dukani na zile za mtandaoni. Lakini kodi ya ongezeko la thamani nchini humo ilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 mwezi Julai 2020. Kifaa cha dola 400 ni riyali 1,500 kabla ya kodi, na 1,725 baada ya kodi. Msafiri alinganishe na bei ya nyumbani kabla ya kutoa fedha.

Ngazi ya kwanza ni simu ambayo mtu tayari anayo. Ikiwa inapiga fremu 240, au hata 120, aanze nayo na anunue stendi ya miguu mitatu. Stendi ya bei ndogo itaboresha kazi yake kuliko simu mpya. Asiye na simu ya aina hiyo anaweza kutafuta ya mtumba, lakini akague betri na nafasi ya kuhifadhi, kwani dakika moja ya fremu 240 hula mamia ya megabaiti.

Ngazi ya pili ni kamera ndogo za michezo zinazofungwa kwenye kofia au baiskeli. GoPro Hero6 Black ya mwaka 2017 na nyingi zilizoifuata hupiga fremu 240 kwa ubora kamili wa HD, na huvumilia vumbi na jasho. Udhaifu wake ni lenzi pana inayopinda mistari kwenye kingo za picha, na kwamba haiwezi kumvuta mchezaji aliye mbali.

Ngazi ya tatu ni kamera zenye lenzi ya kuvuta. Sony RX100 IV na RX10 II, zote za mwaka 2015, zinaweza kufikia fremu 960 au 1,000 kwa sekunde, kutegemea mfumo uliochaguliwa, kwa vipande vya sekunde mbili hadi nne. Pia zinaweza kuhifadhi kile kilichotokea kabla ya kidole kubonyeza, jambo linalomfaa sana anayerekodi mrusha mkuki au mruka juu.

Juu ya hapo kuna kamera za kitaalamu. Chronos 1.4 ya Canada, iliyozinduliwa mwaka 2016, ilileta zaidi ya fremu 1,000 kwa sekunde kwa maelfu machache ya dola, wakati kamera za aina ya Phantom hugharimu makumi ya maelfu. Chuo kikuu kinaweza kuzihitaji. Klabu ya mtaani haizihitaji.

Mjini Riyadh soko la kompyuta la mtaa wa Olaya, na mjini Jeddah barabara ya Falastin, ni mahali pa kuanzia, pamoja na maduka makubwa ya Jarir na eXtra yaliyomo katika miji yote miwili. Anayeuliza kwa Kiarabu atumie neno taswir bati, yaani upigaji picha wa polepole. Neno dhamana litaeleweka bila mkalimani, na inafaa litajwe kabla ya kulipa.

Kuiweka kamera mahali pake

Kifaa kizuri kilichowekwa vibaya hudanganya. Kwa kupima hatua au pembe, kamera isimame ubavuni mwa mchezaji, kwa pembe mraba na njia anayopita, usawa wa nyonga zake, na isisogezwe. Ikikaa mshazari kwa nyuzi 20 tu, urefu wa hatua utaonekana mfupi kwa asilimia sita. Ni bora kurudi nyuma mita 10 au zaidi na kuvuta kwa lenzi, kuliko kusogea karibu.

Ndani ya picha kiwepo kitu chenye kipimo kinachojulikana. Kiunzi cha mita 400 kwa wanaume kina kimo cha sentimita 91.4, na kwa wanawake sentimita 76.2. Hicho ni rula tosha. Programu ya Kinovea, inayotolewa bure kwa kompyuta za Windows, humwezesha kocha kuchora pembe, kupima umbali na kuhesabu muda kwa kutumia rula hiyo. Ni sharti tu aiambie programu idadi halisi ya fremu zilizorekodiwa, vinginevyo muda wote utakuwa na makosa.

Jambo jingine linalosahaulika ni namna ya kutuma. Video ya fremu 240 ikipitishwa kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na fremu nyingi hupotea. Itumwe kama faili, au ihamishwe kwa waya.

Idhini kabla ya kurekodi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simu zenye kamera zilikuwa zimepigwa marufuku Saudi Arabia, na marufuku hiyo iliondolewa mwishoni mwa mwaka 2004. Leo kila mtu anayo simu kama hiyo, lakini sheria haijalala. Sheria ya kupambana na uhalifu wa mitandao ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha tatu, inataja wazi kuingilia faragha kwa kutumia vibaya simu zenye kamera. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au faini isiyozidi riyali 500,000, au vyote viwili. Kanuni za adabu za hadharani zilizoanza kutumika mwaka 2019 nazo zinagusa kuwapiga picha watu bila ruhusa yao.

Suala hilo lina uzito zaidi kwa kuwa michezo ya wanawake imefunguka. Mwaka 2012 Sarah Attar alikimbia mita 800 katika Olimpiki ya London, akiwa miongoni mwa wanawake wawili wa kwanza kuiwakilisha nchi hiyo. Mwaka 2017 wasichana wa shule za serikali waliruhusiwa kuwa na somo la michezo, na Januari 2018 wanawake waliingia kutazama mpira katika uwanja wa King Abdullah Sports City mjini Jeddah. Wachezaji wanawake wanahitaji uchunguzi wa mbinu kama wenzao wa kiume. Lakini video ya mwanamke akifanya mazoezi, ikivuja kutoka kwenye simu ya kocha, inaweza kumvunjia heshima yeye na familia yake, na kumfunga aliyeirekodi.

Kwa hiyo idhini ipatikane kabla ya kurekodi, na kwa mtoto itoke kwa mzazi. Kamera ielekezwe mahali ambapo wapita njia hawataingia katika picha. Video ibaki kwa mchezaji na kocha wake, isisambazwe, na ifutwe ikishamaliza kazi yake. Kwa mgeni ambaye kibali chake cha kuishi kiko mikononi mwa mwajiri, tahadhari hiyo si adabu tu, ni kinga ya riziki yake.

Kocha aliyekwisha kuyazingatia hayo atakuta kwamba sehemu kubwa ya anachohitaji haiuzwi dukani. Anahitaji swali moja lililo wazi, mwanga wa kutosha, stendi isiyotikisika, na uvumilivu wa kupitia fremu moja moja. Iwapo baada ya mwezi mmoja wa kazi hiyo ataona kwamba jibu analolitafuta limejificha kati ya fremu mbili za simu yake, hapo ndipo atakuwa na sababu ya kupanda ngazi inayofuata. Na atakuwa akijua fremu ngapi za kuulizia.